Kichwa cha Muuza Kahawa

Kijiwe cha Mtawanya kina benchi moja la mbao, birika moja la kahawa na wanaume watatu wasiokosekana baada ya swala ya alasiri. Qasim, mwenye duka la vifaa vya umeme, wanamwita Profesa kwa kuwa hana asichokijua. Ayubu alichimba mtaro wa bomba la gesi kule Madimba miezi minne tu, na tangu hapo jina lake ni Gesi. Hashimu ni Mufti. Hakuna aliyempa cheo, ila hukumu anatoa. Kahawa anamimina Bwanaheri, na siku hiyo walikuwa wanamjadili binti yake Mastura, aliyerudi likizo baada ya mwaka wa kwanza wa chuo cha sanaa. Baba alikuwa ameshaamua: mwaka wa pili akasomee ugavi. Mara Mastura mwenyewe akatokea na ndoo ya udongo wa mfinyanzi kutoka Mahurunga, akaitua mbele ya benchi.

— Shikamooni.

— Marahaba. Ndoo ya nini, binti? aliuliza Profesa.

— Nataka baba akae, nimfinyange kichwa.

Benchi likacheka. Kicheko hicho ndicho kilichokuwa kinamrudisha baba yake nyumbani amenuna mwaka mzima, na Mastura alikijua.

— Mastura, alisema Bwanaheri taratibu, nyumbani tulishaongea.

— Uliongea wewe, baba. Jumatatu narudi chuoni, kozi ile ile. Sikuja kuomba ruhusa. Nimekuja kuomba ukae.

Hakuwahi kumsemesha baba hivyo, tena mbele za watu. Bwanaheri alilitazama birika, akawatazama wateja wake, kisha akageuza kreti la soda akakalia. Pengine aliona kubishana ndiyo aibu kubwa zaidi.

Mastura akapiga magoti, akaanza kuukanda udongo juu ya ubao.

— Kwani ada yote ile wanakufundisha kukanda? alisema Gesi. Si ungebaki na mama yako kwenye chapati.

— Hewa ikibaki ndani, kichwa kinapasuka kwenye tanuri, ami. Changu cha kwanza kilipasuka. Cha pili mwalimu alikikata katikati kwa waya, akaniambia pua nimeiotea, sikuitazama. Wiki mbili nilifinyanga pua tu.

— Wiki mbili za pua, alisema Profesa. Siku hizi unaiambia kompyuta, nipe kichwa cha Bwanaheri. Inakupa kumi, kimoja kina meno ya dhahabu.

— Kompyuta haijawahi kumtazama.

Mufti akakohoa.

— Na siku ya kiyama, ukiambiwa ukitie roho hicho kichwa?

— Nitajibu mwenyewe, ami Hashimu. Hutaitwa kunisaidia.

Mufti akanywea kikombe kitupu. Gesi akaona nafasi.

— Nyie hamjui. Udongo wa Mahurunga una gesi. Akiuchoma hapa, tunaamkia Msumbiji wote. Halafu vichwa hivi Wazungu wananunua, wanapachika vidude ndani, wanasikiliza. Mnadhani bei ya korosho wanaijuaje kabla yetu?

— Basi nyamaza, wasikusikie, alisema Profesa.

Vidole vya Mastura vilikuwa vinashuka kwenye paji la uso, vinatafuta mfupa chini ya jicho. Alimtazama baba yake kama alivyofundishwa kwenye karakana ya chuo: kwanza umbo, kisha uzito. Na ule uzito ukamshtua. Mashavu yalikuwa yameshuka kuliko alivyoyakumbuka, na kope la kushoto lilikuwa linalemewa. Mkono ulitaka kulipandisha kidogo, ampendezeshe mzee wa watu. Akakataa. Akaliacha lilivyo.

Mufti alikuwa wa kwanza kusogea. Wenzake wakamfuata, na utani ukapungua wenyewe.

Pikipiki ikasimama. Dereva wake, Fredi, kijana mgeni aliyehamia kituo cha bodaboda cha pale wiki hiyo, akashuka kutafuta kahawa. Akakitazama kile kichwa kibichi, akamtazama Bwanaheri kwenye kreti, akarudi kwenye kichwa.

— Ni huyu mzee kabisa, alisema. Ila amechoka sana. Kwani huwa anakaa saa ngapi?

Profesa akafungua mdomo. Akalitazama benchi, la watu watatu bila nafasi ya wa nne, akaufunga. Gesi akajikuna goti. Miaka kumi na moja walikuwa wanamiminiwa kahawa pale, na hakuna aliyeweza kumjibu yule kijana.

Bwanaheri akainuka, akaja kukichungulia kichwa chake. Akasogeza kidole karibu na lile kope, bila kuligusa.

— Hivi ndivyo ninavyoonekana?

— Ndiyo, baba.

— Na hamkuniambia, aliwaambia wale watatu.

Kisha akamgeukia Mastura.

— Sikio hilo umeliweka juu. Langu liko chini.

— Rudi ukae nilione.

Akarudi akakaa. Fredi akainua birika, akalitikisa. Kahawa ilikuwa imekauka mkaani wakati watu wakibishana.

— Bwanaheri, alianza Mufti, sasa kahawa?

— Pikeni, alisema Bwanaheri, uso ameutuliza kwa ajili ya binti yake. Mkaa uko nyuma ya benchi. Ugavi nao, mtu yeyote asinitajie tena hapa.

Mastura akalishusha sikio.