Njia ya Tisa ya Mzee wa Mstari

Ndugu, jamaa na marafiki, mpendwa wetu, ambaye wengi mlimwita Mzee wa Mstari, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa dereva wa treni na mshonaji, na mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alitambaa akifuata ufa wa sakafu bila kupinda.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, na mwaka 1977 akaajiriwa uwanjani kupaka mistari ya njia za wakimbiaji, kazi aliyoifanya alfajiri, peku, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani, akivuta kamba na kunong'ona kama anayebembeleza mtoto. Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili, na shemeji yetu hulalamika, huku akicheka, kwamba hata shuka kitandani lilipimwa kwa kamba.

Marehemu alikuwa na mdogo wake, mkimbiaji aliyeitwa Panzi kwa miguu yake mirefu, ambaye Februari 1995 alikamatwa kwa kusema hadharani kwamba familia zilizobomolewa nyumba zao ili uwanja upanuliwe hazikupewa pa kwenda, akawekwa ndani bila kufikishwa mahakamani, na nyumbani hakuna aliyejua kama yu hai. Agosti mwaka ule yalikuja mashindano ya kimataifa, na asubuhi ya ufunguzi uwanja wenye njia nane ukaonekana una njia ya tisa, nyembamba, imeandikwa PANZI pale pa kuanzia. Wenyeji walidhani imeagizwa na wageni, wageni wakadhani imeagizwa na wenyeji, basi hakuna aliyethubutu kuifuta, na kamera zikaionyesha dunia njia tupu, kivuli cha jukwaa kikiipita polepole, hadi mshindi wa mita mia nne, msichana wa mbali asiyetujua kabisa, alipomuuliza mfagiaji Panzi ni nani, akaelezwa, akavua viatu, akaitembea yote.

Tangu siku hiyo waandishi wa habari hawakuacha kumuulizia Panzi, na Oktoba akaachiwa. Marehemu, ilipojulikana kuwa ndiye aliyeipaka njia ile, alifukuzwa kazi, akaishia kupaka vivuko vya watoto mbele ya shule, lakini kilichomuuma maisha yake yote ni kwamba ile njia ilipinda isivyotakiwa kwenye kona, na dunia nzima ikaona.

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na mapafu, akafariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, mkewe akiwa kando, kidole cha marehemu kikichora mstari taratibu juu ya shuka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa uwanjani, hasa yule mfagiaji aliyemjibu msichana, ambaye yuko hapa. Panzi ndiye huyu anayewasomea. Kaka, picha ya njia yako nimeiona, kweli imepinda, lakini ndiyo iliyonirudisha nyumbani, basi pumzika kwa amani.