Mstahiki na Ile Sauti Nyembamba

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lina wenyewe. Mimi hufuata kahawa tu, ingawa huendelea kukaa hata birika likikauka. Mstahiki, muuza nyaya na balbu, ana leseni ya kurusha redio: si ya muziki, ni ile ya kupiga soga hewani na watu wa mbali. Tulimwita Mstahiki kwa sababu haombi nafasi ya kusema, anaichukua. Jumamosi hiyo alikuja amenuna.

— Yule mwanamke kaanza tena! Kila Jumamosi nikishika maiki, chini chini nasikia kasauti: "Masafa haya yana watu, tafadhali sogea." Asogee yeye!

— Kwani masafa ni yako? aliuliza Kinyozi, akikung'uta nywele kwenye taulo.

— Nimeyazoea. Namba yake rahisi kukumbuka.

— Basi ni yako, alihukumu Breki, dereva mstaafu. Enzi zangu, mwenye gari kubwa ndiye mwenye barabara.

Haki ikawa imepatikana. Ikabaki kumjua mhalifu.

— Huyo jasusi, alisema Kinyozi.

— Jasusi gani anasema tafadhali?

— Ndiyo mafunzo yenyewe hayo!

Breki akatikisa kichwa kama daktari bingwa.

— Hakuna jasusi. Ni sauti yako mwenyewe, Mstahiki. Imegonga mwezi, ikarudi.

— Imerudi ya kike?

— Safari ndefu ile, baba. Lazima ikonde.

Mstahiki alikunywa funda, akatabasamu.

— Hata hivyo nimemmaliza. Nimefunga mashine ya kuongeza nguvu. Leo asubuhi nimemfunika kabisa, nikaieleza dunia nzima habari za antena yangu mpya.

— Dunia ikajibuje?

— Ilikuwa inasikiliza.

Hapo akafika fundi cherehani, mgeni wa mtaa, kuchukua mkasi aliomwachia Kinyozi aunoe.

— Shikamooni.

— Marahaba, tuliitikia, kisha tukatazamana. Kasauti kembamba, kapole.

Aliupokea mkasi, akaujaribu hewani. Breki akavuta miguu yake ndani.

— Samahani, kaka, fundi alimwambia Mstahiki. Nimekusikia tangu pale kona. Kabla hujaanza kusema, huwa unauliza kama kuna mtu hapo?

Mstahiki aliutazama mkasi, kisha akamtazama mwenye mkasi.

— Ni wewe? alisema. Sasa dada, si ungehama tu?

— Nihamie wapi? Kaka yangu anapima mvua mlimani, simu haifiki huko. Ananitafuta hapo hapo Jumamosi asubuhi, kisha anazima redio kutunza betri. Nikihama hanipati. Wewe huna miadi na mtu. Ungesogea pembeni kidogo tu, dunia yako ingekusikia vilevile.

Kinyozi aligundua ghafla kwamba kiti chake kinahitaji kufutwa. Breki, wa gari kubwa, akachungulia kikombe kitupu.

— Mkewe yuko naye kule, aliendelea fundi. Mimba ya kwanza, siku zimefika. Leo ndiyo alikuwa aniambie.

Mstahiki akaweka kikombe chini taratibu.

— Na... amejifungua salama?

— Sijui, kaka. Ulikuwa unaongea.