Mgongo wa Mama, Uso wa Mama

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mkurugenzi wa ukumbi huu. Waigizaji na mafundi wa filamu. Walimu na wanafunzi wa shule ya viziwi mliotuheshimu kwa kuja. Ndugu, jamaa na marafiki. Na wewe mwongozaji wetu, ambaye kikosi kizima kinakuita Mama Rudia kwa kuwa hujawahi kuridhika na mara ya kwanza: nawasalimu nyote kwa heshima.

Taa zilipowashwa sasa hivi, nilimsikia mtu nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake kwamba kitabuni haikuwa hivyo. Hakukosea, na wala sijamkasirikia. Kitabu kile cha michoro nilikichora mimi, kwa hiyo acheni niwaeleze mwenyewe ni wapi filamu imeachana nacho, na kwa nini nimesimama hapa kushukuru badala ya kulalamika.

Kweli, mengi yamebadilika. Nyumba yetu, niliyoichora kwa wino mweusi mtupu, imepakwa kijani ambacho marehemu baba angeuliza ni nani aliyekiidhinisha. Shangazi yangu, mwenye kurasa tele kitabuni, amebaki na sentensi moja, tena anaisema huku anatoka. Amekaa pale mbele, na namshauri mwongozaji apitie mlango wa nyuma. Tena kitabuni unaweza kukaa juu ya ukurasa mmoja mpaka chai ipoe, ilhali filamu haimsubiri mtu.

Lakini najua ukurasa ambao wengi wenu mliusubiri. Ni ule wa kutoka shuleni.

Mama yetu alikuwa dobi wa hoteli. Siku ile alimpeleka mdogo wangu wa kiume, ambaye alizaliwa hasikii, kuandikishwa katika shule niliyokuwa nasoma mimi. Mwalimu mkuu akamwambia, mbele yetu, kwamba mtoto yule hafundishiki, amrudishe nyumbani akamzoeze kupiga pasi. Mama akaaga kwa adabu, akamshika mdogo wangu mkono, tukaondoka. Njia ilikuwa nyembamba. Wao wakatangulia, mimi nikafuata. Nilichokiona ni mgongo wake tu, na mabega yanayotikisika.

Nilipokuwa mchoraji, niliuchora mgongo ule, kisanduku baada ya kisanduku, bila neno hata moja. Wasomaji waliniambia kwamba ukurasa ule uliwaliza. Mimi mwenyewe niliuchora nikilia, kwa sababu tangu utoto niliamini kwamba mama alilia njia nzima.

Mwongozaji alipofika hapo, alikwama. Alinieleza kwa upole kwamba mwigizaji hawezi kuwapa watu mgongo muda wote ule. Alitaka kamera itangulie, tumwone mama usoni. Nilikataa katakata. Tulibishana mpaka nikatishia kujitoa, nikamwambia kwamba uso ule si kitu cha kubuni. Ndipo akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza: nani aliuona?

Aliuona mdogo wangu.

Tukamwita kwenye chumba cha mazoezi, kile chenye viti vya plastiki na feni inayolalama. Mwigizaji alishajiandaa kulia, leso mkononi. Mdogo wangu akamtazama, akatikisa kichwa, akaanza kuongea kwa mikono, na mkalimani akawa anatafsiri.

"Hakulia. Alikuwa ananiongelesha. Aliniinamia, anatamka polepole ili nimsome midomo."

Nikamuuliza kwa mikono mama alikuwa anasema nini.

"Alikuwa anamwigiza mwalimu mkuu. Anajaza mashavu, anashusha miwani isiyokuwepo. Alikuwa anacheka. Halafu akaniambia, kesho tunakwenda shule nyingine."

Nikamuuliza mbona miaka yote hiyo hakunisahihisha. Akajibu kwamba alijua nimechora nilichokiona, na kwamba nilichokiona kilikuwa changu.

Ndugu zangu, hebu mfikirieni mama huyo. Ametoka kuambiwa kwamba mwanawe hafundishiki, na mwendo wote ule anautumia kumchekesha, ili mtoto asijue kwamba ametukanwa. Nani kati yetu wachoraji angeweza kuubuni uso huo? Mimi niliushindwa, na nilimpenda kuliko mtu yeyote.

Wakaenda shule nyingine, na nyingine tena, mpaka mwalimu mmoja akafungua mlango na kusema mtoto aingie. Mdogo wangu sasa anafundisha hisabati katika shule hiyohiyo, na wale waliojaza safu za kushoto ni wanafunzi wake.

Je, kitabu kilidanganya? Hapana. Kilisimulia alichokiona mtoto aliyetembea nyuma, na kikichapishwa upya ukurasa ule hautaguswa. Filamu imesimulia alichokiona mtoto aliyeshikwa mkono. Mwenye kuvipenda vyote viwili atakuwa amemjua mama yetu kuliko nilivyomjua mimi.

Mama Rudia, asante kwa kunikatalia. Mwigizaji wetu, asante kwa kuiweka leso chini na kumrudisha mama akiwa anacheka. Mhariri, asante kwa kuondoa muziki na kila sauti katika tukio lile, ili wanaosikia na wasiosikia humu ndani tulipokee sawasawa.

Na wewe, mdogo wangu. Tukio lile lilipofika leo, sikuangalia skrini. Nilikuangalia wewe. Ulikuwa unatamka maneno ya mama pamoja na mwigizaji, polepole, mwanga ukikucheza usoni, na mimi nikayasoma yote.

Mlionisikiliza, asanteni kwa masikio yenu. Nanyi mliozifuata kauli zangu mikononi mwa mkalimani, asanteni sana kwa kunitazama.