Watatu Nyuma ya Mashine

Kijiwe chetu kiko Changamwe, pale malori yanapokata kona kuelekea Kipevu. Benchi ni ubao mmoja juu ya matofali, na kila alasiri Mzee Abubakar huja hapo kutua dele lake la kahawa, nasi vibarua wa godauni la jirani huja na vumbi letu hadi kwenye kope. Siku hiyo hatukuwa na vumbi. Godauni lilikuwa limefungwa siku ya tisa, tangu kreti la marumaru lilipomwangukia mwenzetu Kombe, na Kombe alikuwa ameshazikwa kwao Kaloleni. Tulikuja kwa kuwa hatukujua pengine pa kwenda. Alikuwapo Bonface, dereva wa foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, ambaye sote tunamwita Usukani. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye plasta. Alikuwapo Felix, tuliyempa jina la Mbara kwa kuwa ametoka bara. Alikuwapo Jafar, yaani Profesa, aliyefaulu fizikia kidato cha nne na hajaacha kutukumbusha. Na mimi, Gershom, ambaye kwa urefu wangu naitwa Mlingoti.

— Mimi nasema ni sakafu, alianza Felix. Pale mlangoni imebonyea. Gurudumu la mbele liliingia, mashine ikainama. Hiyo tu, maze.

— Sakafu ile naijua miaka sita, akasema Bonface. Ni breki. Nilikanyaga kidogo, ikashika yote. Breki ile ilichezewa.

— Na nani?

— Sijui. Mtu. Kuna watu hawataki kuniona kwenye kiti kile.

Mzee Abubakar alimmiminia kahawa, akamshikisha kikombe kwenye mkono mzima.

— Wanangu, mahali pale palikuwa na makaburi kabla ya hayo magodauni. Waliojenga hawakusoma hata dua. Wenyewe wako, wallahi, na wamechoka kukanyagwa.

— Basi mbona wamchukue Kombe? akauliza Felix. Kombe alikuwa haudhi hata paka. Sikilizeni, siku ile kulikuwa na meli kubwa inafunga gati. Mimi nilihisi ardhi inatetemeka. Meli kama ile ikigusa gati, Changamwe yote inasogea. Inaweza kuwa meli ndiyo ilimuua.

Siku nyingine tungemcheka hadi machozi. Siku hiyo Bonface alimtazama kama anayetaka kweli iwe meli.

— Si meli, si jini, akasema Jafar. Mbara, shika dele hili. Liweke karibu na kifua.

— Usinimwagie kahawa, akasema Mzee.

Felix akalishika.

— Zito?

— Kiasi.

— Sasa nyoosha mkono wote mbele.

Felix akanyoosha. Mara mkono ukaanza kutetemeka, na mwili wake ukavutwa mbele.

— Dele ni lile lile, akasema Jafar. Halikuongezeka uzito. Umelipeleka mbali na bega lako, basi. Foklifti ni hivyo hivyo. Magurudumu ya mbele ndiyo egemeo, kama bega. Kreti liko mbele yake, linavuta kuinamisha mashine. Nyuma kuna chuma kizito, kinavuta upande wake. Kreti likishinda, nyuma inanyanyuka. Mashine ile ni ya kubeba tani mbili. Kreti lilikuwa karibu tani tatu.

— Ndiyo maana msimamizi akatupandisha nyuma, mimi, wewe na Mbara, nikasema.

— Ndiyo. Watatu, tena mwisho kabisa, kwa sababu ukisimama mbali na egemeo uzito wako unafanya kazi zaidi. Na ilitosha! Hicho ndicho kinachonila. Kreti liliinuka, tukaenda nalo hatua ishirini. Pengine Usukani alipofunga breki, kreti likiwa juu vile, kitovu cha uzito kilipita mbele ya magurudumu.

— Kwa hiyo ni mimi, akasema Bonface.

— Sikusema ni wewe.

— Umesema breki. Mguu kwenye breki ulikuwa wa nani?

Akakiweka kikombe chini. Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuwa na mkono wa kuyafuta maana ule mzima aliukalia.

— Watatu tulikuwa juu, Felix akasema haraka. Hiyo lazima tuiseme hata polisi wakituuliza tena. Uzito wa nyuma ulikuwa kamili.

— Tulikuwa juu, akasema Jafar.

— Tulikuwa juu, nikasema.

Hapo ndipo alipofika Kafedha, mjane wa Kombe. Alikuwa amejitanda leso, ameshika mfuko wa nailoni. Alikuwa ametoka kwa mlinzi wa godauni kuchukua vitu vya mumewe.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Makiwa.

— Tunayo.

Tukasimama kumpisha. Hakukaa.

— Nimekuja mnieleze, akasema. Ofisini wamesema ajali, wakanyamaza. Kule nyumbani wazee wananiuliza ajali gani, nami sina la kuwaambia.

Bonface alimweleza. Alimwambia kwamba Kombe alikuwa mbele akimwelekeza njia, kwamba kreti lilikuwa limezidi, kwamba sisi watatu tulisimama nyuma kama uzani. Akamwambia kuhusu breki. Nyuma ilinyanyuka hadi juu, yeye akarushwa kwenye vyuma vya mbele na mkono ukavunjika, na kreti likateleza.

— Nisamehe, shemeji, akasema. Mguu ulikuwa wangu.

Kafedha aliitazama plasta ya Bonface. Kisha akatugeukia sisi, mmoja mmoja, kuanzia viatu hadi nyuso.

— Na nyinyi mlikuwa nyuma, huko kulikopanda juu?

— Ndiyo, shemeji, akasema Felix.

— Mbona hamna hata mchubuko?

Lori lilipita, likafuatwa na jingine. Jafar aliinamia kikombe chake.

Mimi nilijua yangu. Nilihisi chuma kikipanda chini ya nyayo, kiasi cha upana wa kiganja tu, nikaruka. Kombe alipopiga ukelele nilikuwa tayari nimesimama sakafuni. Siku tisa sikulala, nikidhani ni mimi peke yangu. Sasa nikamtazama Felix, nikamtazama Jafar, na hakuna aliyeinua uso. Nani alitangulia? Labda wa kwanza ndiye aliyemuua, na wawili waliruka kwa kuwa mashine ilikuwa imeshashindwa. Labda sote kwa pamoja. Hata Profesa hawezi kuipiga hesabu hiyo.

Bonface aliinuka polepole.

— Nyuma kulikuwa na watu? akatuuliza.

Mzee Abubakar alifunika dele lake, lingali na kahawa, akalibeba akaondoka bila kutuaga.

Kafedha akageuka kwenda stendi.

— Shemeji! nikaita.

Akasimama. Nilifungua kinywa, na yale maneno yalikuwa papo hapo ulimini.

— Nikubebee mfuko?

Aliutazama mfuko mkononi mwake, viatu viwili na shati.

— Hapana, akasema. Ni mwepesi.