Daktari wa Muhuri: Galgalo Huka na Mbuzi Walionyamaza

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Bw. Galgalo Huka atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho. Alianza kazi ya ukaguzi wa nyama hapa Isiolo mwaka wa 1992, kijana wa miaka ishirini na saba kutoka Korbesa, na kwa miaka thelathini na mitatu ni mizoga michache sana iliyotoka kichinjioni kwetu bila muhuri wake. Wachinjaji humwita Daktari. Yeye husema si daktari, kisha huitikia.

Kazini ni mkali, kwenye chai ni mcheshi. Mwaka ule wa homa ya Bonde la Ufa alifunga lango, akaketi mbele yake kwenye kiti cha plastiki wiki nzima, huku wafanyabiashara wakimfokea kwa lugha nne. Aliwajibu kwa zote nne. Mwaka mwingine alitupa maini ya fahali wa harusi ya dada yake mwenyewe kwa sababu yalikuwa na mafuko ya minyoo. Walikuja kusemezana baada ya Ramadhani mbili.

Lakini mimi Raho, karani wa lango, sitakuwa mkweli nikiandika haya tu na kuruka yale ambayo kila mmoja wetu anayajua.

Mchunaji wetu Lochoro ni Mturkana wa Kipsing, na marehemu baba yake alimfundisha kusoma matumbo ya mbuzi. Galgalo alikuwa amemkataza kufanya hivyo kazini. Asubuhi moja ya Februari 2019, Lochoro aliacha kuchuna, akasimama akiyatazama matumbo yaliyokuwa mezani mpaka nzi wakayafunika.

"Daktari," akasema, "wewe enda hospitali."

"Mimi si mgonjwa."

"Sijasema wewe ni mgonjwa. Nimesema enda. Na usingoje uchungu, hautakuja."

Galgalo alimkagua mbuzi yule mwenyewe, kiungo kwa kiungo. Alikuwa safi. Akampiga muhuri, akaenda kunywa chai na mahamri matatu.

Siku tisa baadaye, mkewe Abiba alimtazama wakifungua kinywa, akaona macho yake yamekuwa ya manjano. Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi, ngozi ilimwasha, na hakuna mahali palipouma. Abiba hakungoja. Picha zilizopigwa Nairobi zilionyesha saratani, uvimbe mdogo kwenye kichwa cha kongosho. Aliambiwa amewahi, kwa kuwa wengi hufika wakati kisu hakifai tena.

Daktari mpasuaji, Dkt. Hoda, alimweleza watakachokiondoa: kichwa cha kongosho, mfuko wa nyongo, kipande cha utumbo na kidogo cha tumbo, kisha waunganishe upya kilichobaki. Galgalo aliyeshika viungo hivyo vya maelfu ya wanyama hakuhitaji kuchorewa. Aliuliza swali moja tu: miaka mingapi?

"Mzee, kati ya kumi tunaowapasua, wawili au watatu hufika miaka mitano. Siwezi kujua wewe uko upande gani."

"Ni haki yako usijue," akamjibu. "Hata mimi ng'ombe akiwa amesimama siwezi kukwambia ini lake."

Upasuaji ulifanywa Machi, ukachukua saa saba nzima, ukafuatwa na miezi sita ya dawa za saratani. Novemba alirudi kazini, mwembamba kama ufito, na vidonge vya kumeng'enya chakula kila mlo na sindano ya insulini mfukoni.

Asubuhi hiyo zizi lilikuwa na mbuzi zaidi ya mia moja, na kelele zao mnazijua. Galgalo alipita langoni, akanipa salaam aleikum. Kabla sijaitikia, mbuzi wote walinyamaza, wakubwa kwa wadogo, wakageuza vichwa kumtazama. Nilisikia viatu vyake vya mpira kwenye sakafu mpaka ndani. Mlango ulipofungwa, wakaanza kulia tena.

Tulisema ni harufu ya dawa. Alibadilisha sabuni. Akavaa koti la mchinjaji Abdub. Akapitia mlango wa nyuma. Kila asubuhi ilikuwa vilevile, hata kwa mbuzi waliotoka Merti siku hiyohiyo, ambao hawajawahi kumwona.

Mwaka wa nne baada ya upasuaji alimwuliza Lochoro mbele yetu alichokiona siku ile.

"Niliona njia imekatika, Daktari."

"Halafu?"

"Halafu ikaanza tena upande ule mwingine. Baba hakunifundisha hiyo. Ndiyo maana hiyo sikuisema."

Machi 2024, miaka mitano ilipotimia, picha zilitoka safi. Dkt. Hoda alimwambia hatari kubwa ameshaipita, ingawa vidonge, insulini na kurudi kupimwa vitaendelea. Jumatatu yake tulijipanga zizini tukiwa na hakika kwamba sasa mbuzi watalia. Hawakulia. Akipita, hawajalia mpaka leo. Abdub alitokwa na machozi. Galgalo alicheka, akasema, "Waacheni. Wao hawajaonyeshwa picha."

Anarudi Korbesa pamoja na Abiba. Amewafundisha wakaguzi kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja anayethubutu kupiga muhuri bila kuangalia ini mara mbili. Kwa hilo, na kwa uaminifu wake, mji mzima uliokula nyama bila hofu unamshukuru.

Alituomba jambo moja katika wasifu huu: tusimtakie miaka mingi. Anasema hesabu ya miaka ameshaisikia ya kutosha. Basi, Daktari, tunakutakia mlo unaokaa tumboni, usingizi usiokatika, Abiba akikucheka ng'ambo ya moto, na kesho. Hiyo ikifika, tutakutakia nyingine.