Mume Tuliyegawana, Mimi na Sikukuu ya Uhuru

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1953, mtoto wa tano wa dereva wa trekta na mshonaji nguo. Wengi mlimjua kwa jina la Fundi Spika. Hata mkewe, anayewasomea wasifu huu, alimwita hivyo akikasirika, yaani mara nyingi.

Alipokuwa na miaka tisa, baba yake alimpeleka uwanjani kwenye sherehe ya kwanza ya uhuru. Walisimama nyuma kabisa, kwenye uzio, wakaambulia mikwaruzo ya spika na makofi ya watu wa mbele. Wakirudi nyumbani akauliza kimesemwa nini. Baba akamjibu kwamba kuanzia leo watu wote ni sawa. Mtoto akauliza, "Sasa mbona sisi wa nyuma hatukusikia?" Swali hilo hakuliacha maisha yake yote.

Baada ya shule ya msingi na miaka miwili ya chuo cha ufundi, aliajiriwa mwaka 1973 katika idara ya habari, kitengo cha vipaza sauti. Kila sikukuu ya uhuru alifika uwanjani alfajiri, akafunga nyaya, kisha akatembea hadi uzioni, nyuma ya vyoo, kuwauliza wauza karanga kama wanasikia. Kabla hawajainua mkono, hakuna kiongozi aliyefungua mdomo. Kiongozi mmoja alipofoka kwa kucheleweshwa, marehemu alimwambia kwa adabu kwamba uhuru haukuletwa kwa ajili ya viti vya mbele. Akahamishiwa stoo miezi sita, akarudi na tabia ileile.

Alifunga ndoa siku ya sikukuu hiyohiyo, mwaka 1978, kwa ahadi kwamba angemaliza kazi mapema. Alichelewa saa mbili, akaja na bisibisi mfukoni mwa suti. Tangu hapo kumbukumbu ya ndoa yao haikuwahi kusherehekewa. Mkewe aliiita sikukuu hiyo mke mwenza, watu wakacheka, wakidhani ni utani. Hebu fikirini: unampigia mumeo pasi shati jeupe, ananyoa ndevu mara mbili, ananukia sabuni, anaondoka akipiga mluzi, na siku yenyewe ndiyo mliyooana. Halafu huyohuyo aliyehakikisha mji mzima unasikia, nyumbani aliambiwa miaka mitatu kwamba bomba la jikoni linavuja. Uhuru wenyewe mkewe hakuuchukia. Aliuonea wivu tu.

Moyo wake ulianza kusumbua mwaka 2021, na mwaka huu hakuweza kutoka kitandani. Jumanne iliyopita, siku ya sikukuu, aliomba dirisha lifunguliwe asikilize kama spika za uwanjani zimewekwa vizuri.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Dirisha sikulifungua. Nililibana kwa komeo, nikamwambia, "Leo ni zamu yangu." Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikayamwaga yote ya miaka arobaini na mitano, pamoja na bomba. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akanishika mkono.

"Kumbe aliyekuwa nyuma kabisa ni mke wangu," alisema. "Na sikuwahi kufika kukuuliza."

Alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi. Hotuba za sikukuu yake ya mwisho hakuzisikia, na ni mimi niliyemnyima. Nimelilia hilo kuliko nilivyolilia kifo chenyewe. Lakini nikisema najutia kila neno nililomwambia, nitakuwa mwongo.

Ameacha mjane mmoja, ingawa mimi nahesabu wawili, watoto watatu, wajukuu saba na dada yake mkubwa.

Jana maafisa wa idara walileta bendera ya kufunika jeneza, nikawafukuza mlangoni. Niliwaambia wamekaa naye vya kutosha. Bado nina wivu, wala sioni aibu. Ila mume wangu alihangaika umri wake wote ili kila mtu apate sehemu yake, na mimi siwezi kumzika kinyume chake. Basi, maafisa, ileteni bendera yenu, itandikeni juu ya jeneza. Shuka la kitanda chetu limo ndani, limemfunika yeye mwenyewe, na hilo hakuna atakayeligusa.

Fundi wangu, pumzika kwa amani. Wa nyuma amesikika.