Bi Chrystalla na Pointi Nane za Uturuki

Bila taa yangu, Ulaya nzima isingejua kama Kupro ipo. Mimi Pambos, fundi wa taa, ndiye niliyemfanya Bi Chrystalla Hadjiloizou aonekane katika miaka yake thelathini na moja hapa kituo cha televisheni, anayoihitimisha tarehe thelathini Juni.

Alianza na utabiri wa hali ya hewa, kazi nyepesi kwetu, maana ni jua tu. Baadaye akapewa kazi iliyompa jina: kutangaza pointi zetu kwenye mashindano ya nyimbo ya Ulaya. Nchi yako huruhusiwi kuipigia kura, kwa hiyo kura huonyesha moyo wako unatazama wapi ukibaki peke yako na simu. Sisi wasemao Kigiriki tulitazama Ugiriki. Kila mwaka pointi kumi na mbili, za juu kabisa, kwa Ugiriki, na ukumbi wa mashindano ulicheka kabla hajafungua mdomo.

Kisha vizuizi vikafunguliwa katikati ya Nikosia, mji wetu mkuu uliogawanywa na vita kati yetu na Waturuki. Bi Chrystalla akavuka, akamkuta Sevgül, Mturuki wa hapa Kupro, jirani yake wa utotoni aliyetenganishwa naye na vita hivyo. Wakala jibini ya kukaanga na tikitimaji mpaka jua likazama.

Mashindano yaliyofuata, kura zetu zikatoka na pointi nane kwa Uturuki. Mkuu wetu jasho likamtoka. "Dada, hiyo imeze haraka kama dawa, tupite."

Bi Chrystalla alijua watu wangemwandama, pengine kazi ingemponyoka. Alijua pia Sevgül yuko ng'ambo anasikiliza. Zamu yake ilipofika akatulia, akalitaja jina la Uturuki polepole, kama mtu anayetembea usingizini kurudi kwenye bustani ya zamani. Uso wake ukameremeta kana kwamba uko chini ya maji.

Waliopiga simu kututukana hawakukosekana, lakini kazi haikumponyoka. Asubuhi Sevgül naye akapiga: "Umetamka kama ulivyokuwa ukiniita juu ya ukuta wa bustani nije tucheze."

Bi Chrystalla, tunakushukuru. Kapumzike, kahawa yako isikupoe, na pande zote mbili za mji zikufungulie mlango.

Na ule mmeremeto ninaosifiwa mpaka leo kwenye kila harusi, haukuwa ufundi. Nilikuwa nalia, na mkono ulioshika taa ulikuwa unatetemeka.